Ukipewa kete nyeusi, usiingie kutafuta sare

Wachezaji wengi wa chesi hapa Dar wakipangiwa kete nyeusi wananyong'onyea. Mweupe ndiye anayeanza, basi wanajiona wameshachelewa na wanakaa mezani wakiwaza sare. Mimi naipenda nyeusi, na ushauri wangu ni huu: shika ufunguzi mmoja wa zamani, uelewe kila kete inakwenda pale kwa sababu gani.

Wangu ni Ulinzi wa Kifaransa. Jina lilitokana na mechi ya barua kati ya London na Paris iliyoanza mwaka 1834. Paris waliutumia wakashinda.

Mweupe anacheza e4, unajibu e6; akicheza d4, unajibu d5 (herufi ni safu ya wima ya ubao, namba ni mstari wa mlalo). Mweupe akisukuma e5, mjibu c5 hapo hapo. Kuanzia hapo windo lako ni askari wa d4. Farasi mmoja c6, malkia b6, farasi wa pili apitie e7 hadi f5, wote wamkabe huyo huyo.

Kwenye mashindano ya wikiendi pale Upanga, mpinzani wangu alicheza b3 ili askofu wake akae b2 kumlinda d4. Nikampa sheki, yaani nikamtishia mfalme wake, kwa askofu b4. Kuikinga kwa farasi d2 kungempotezea d4, kwa hiyo akamsogeza mfalme f1. Hapo nilijua mchezo ni wangu: mfalme hawezi tena kujificha pembeni, na ngome ya h1 imefungiwa. Sikukimbilia kumshambulia. Niliweka mfalme wangu salama kwanza, kisha nikasukuma f6 kufungua njia inayomwelekea wake. Ile ngome ya h1 haikuwahi kuingia vitani. Alisalimu amri ikiwa bado kule.

Waliokulia vijiwe vya drafti wawe makini zaidi, maana kule kula ni lazima na mkono umezoea. Kwenye chesi subiri. Mweupe akiweka askofu d3 na mkabadilishana askari pale d4, yule aliyebaki ataonekana wa bure. Ukimla kwa farasi, naye akamla farasi wako, ukarudisha kwa malkia, askofu wake anaruka b5 na sheki, na malkia wake aliyekuwa nyuma anamla wako. Tanguliza askofu d7 kuziba njia hiyo ya sheki, ndipo umle.