Fundi, nikate chesisi ya CG ya marehemu mjomba niifanye kafe resa?

SWALI: Shikamoo fundi. Mi niko hapa Nkuhungu, Dodoma. Mjomba wangu alikuwa bwana shamba kule Kongwa, alivyofariki tukaachiwa Honda CG125 yake ya zamani. Imekaa stoo miaka mingi, kiki inashuka na injini inazunguka ila haiwaki. Nataka niigeuze kafe resa, zile za kiti kimoja chenye nundu nyuma na hendeli za chini. Jamaa mmoja wa kuchomelea kasema nimpelekee Jumamosi akate chesisi nyuma, atoe na boksi la filta aweke ile filta ya koni ili ipumue vizuri. Nianzie hapo? Injini niiache hiyo ya 125 au niweke ya mchina ya 150? Na sailensa nikate?

JIBU: Marahaba kijana wangu, na poleni kwa msiba.

Jumamosi usiende. Mwambie jamaa asubiri, hiyo grainda isiguse kitu mpaka pikipiki imewaka, imetembea na imesimama kwa breki zake ikiwa hivyo hivyo ilivyo, na madigadi yake na kiti chake kirefu cha kizamani. Najua haina mvuto hivyo ila sikiliza sababu. Pikipiki ikiwa kama ilivyotoka kiwandani halafu ukasikia inayumba, unajua ni beringi za shingo au bushi za ule mkono wa tairi la nyuma au spoku zimelegea, basi. Sasa we kata kwanza, shusha hendeli, badilisha shokapu, alafu ndo iyumbe, hapo utatafuta mchawi mpaka uchoke maana kila ulichogusa ni mtuhumiwa. Pikipiki nyingi za namna hii zinaishia kwenye maboksi chini ya kitanda kwa sababu hiyo tu, zilikatwa zikiwa bado hazijawaka.

Kuiamsha sio kazi kubwa. CG ni injini ya fimbo za kusukuma valvu, haina cheni ya taimingi ya kulegea na kupiga kelele, Honda waliianza katikati ya miaka ya 70 wakiwalenga watu wa nchi kama zetu ambao sevisi wanaisikia tu. Toa plagi, mimina oili ya injini kidogo kwenye tundu, iache ilale hadi kesho yake ndo upige kiki taratibu bila plagi ili ringi zilainike. Mwaga oili ya zamani yote uweke mpya, inakula kama lita moja hivi. Klirensi ya valvu, yani uwazi wake, pima injini ikiwa ya baridi, pistoni juu na valvu zote zimefunga, fila geji (vile vibati vya kupimia uwazi) ya milimita 0.08 kote kuwili. Kabureta fungua uioshe, petroli ikikaa miaka inageuka gundi, na jeti, vile vipande vyenye tundu dogo la kupimia petroli, usizichokonoe na sindano maana unapanua tundu, tumia uzi mmoja wa waya laini wa shaba au upepo wa kompresa. Kama ni CG za mwanzo utakuta ina platini (vile vibati viwili vinavyounga na kukata umeme wa plagi) na umeme wa volti 6, angalia betri au maandishi ya kwenye balbu utajua. Platini isafishe na msasa laini, uwazi wake uwe kati ya milimita 0.3 na 0.4.

Tanki lina kutu ndani, sijaliona ila lina kutu. Weka siki au sitriki asidi na nati kadhaa, tikisa, lisuuze vizuri, likaushe siku hiyo hiyo. Na ukikuta limetoboka usimpelekee mtu wa kuchomelea likiwa na hata harufu ya petroli, mvuke wa petroli ndo unaolipuka, sio petroli yenyewe iliyotulia chini.

Haya, imewaka, tuje kwenye kafe resa yenyewe. Hizi zilianza Uingereza, vijana wa miaka ya 50 na 60 pale London walikuwa wanakutana kwenye mkahawa wa Ace Cafe, wanapunguza vitu kwenye pikipiki zao ili zifikishe maili 100 kwa saa, yani kama kilomita 160. Kwaiyo asili yake ni kupunguza uzito na kubadilisha mkao wa dereva, ile nundu ya kiti ilikuja kwa ajili ya kumzuia mtu asiteleze nyuma akivuta mafuta. CG yako haitafika huko hata ukiisukumia mlimani, injini yake inatoa kama nguvu farasi 11 tu, ila mkao unaweza ukaupata vizuri kabisa na ndo sehemu ambayo watu wengi wanaharibu.

Wanaharibu hivi: wanashusha hendeli, futiresti wanaziacha pale pale mbele. Mtu anakaa kakunjwa katikati, mgongo umepinda, uzito wote uko kwenye viganja. Pikipiki ya hivyo ukitoka nayo mjini ukifika Mbande mikono imeshakufa ganzi na bado hujaingia ile njia ya Kongwa, na matuta yote yale umeyapokea kwa viwiko. Mikono ikienda chini na mbele, miguu lazima irudi nyuma na juu kidogo, hivi vitu vinakwenda pamoja. Sasa kwenye CG kuna mtego, kiki iko kulia, ukirudisha futiresti ya kulia nyuma sana kiki inaigonga ikishuka. Dawa ni kutengeneza futiresti inayokunjika au kurudisha kiasi cha upana wa kiganja tu, usitamani zile za kwenye picha ambazo pikipiki zake zinawaka kwa kubonyeza. Breki ya nyuma ya CG inavutwa na chuma sio kebo, kwaiyo na hicho chuma kitabidi kikatwe na kutengenezewa nyuzi upya na mtu wa kukereza, na gia itahitaji kifimbo cha kuiunganisha na pedali mpya.

Hendeli mimi ningekushauri uanze na moja nzima ya chini, ile inayofungwa pale pale pa zamani, kabla ya kununua za vipande viwili zinazokaba nguzo za shokapu. Ukishafunga kata kona mpaka mwisho kushoto na kulia uone kama kidole gumba hakibanwi kati ya hendeli na tanki. Fanya hivyo hivyo injini ikiwa inaunguruma, ukikata kona na injini ikapandisha mzunguko yenyewe basi kebo ya mafuta imevutika, ipitishe njia nyingine. Hili la kebo usilipuuze, utakuja kugeuza pikipiki kwenye foleni pale Sabasaba ikukimbie yenyewe.

Chesisi sasa. Kukata inawezekana, ila mwisho wa kukata ni nyuma ya pale shokapu za nyuma zinaposhika juu. Ukikata mbele ya hapo umegusa mifupa inayobeba uzito wako. Kinachotoka ni ule mkia unaobeba madigadi na taa, unarudishia bomba lililokunjwa nusu duara la kipenyo kile kile na unene ule ule wa ukuta, usikubali bomba la dirisha. Kila kiungo kiingizwe kipande cha bomba ndani kwanza kama sentimita kadhaa kila upande, bomba la nje litobolewe vitundu pembeni vichomelewe, ndo uchomelee mzunguko. Siku ya kuchomelea toa betri, chomoa rektifaya na CDI (kile kiboksi cha umeme wa plagi) kama ipo, na ile klempu ya ethi ifungwe karibu kabisa na sehemu inayochomelewa, mtu akiifunga kwenye rimu umeme unapita kwenye beringi zako unaziunguza na hutaona mpaka zianze kulia.

Kabla hata hujakata, fanya kipimo kimoja ambacho hao jamaa wa mtaani hawakifanyi. Fungua shokapu zote mbili za nyuma, nyanyua tairi kwa mkono mpaka pale shokapu ingeishia ikibanwa yote, pima tairi limefika wapi. Hapo ndo utajua nusu duara ikae juu kiasi gani. Watu wanapanga kiti pikipiki ikiwa imesimama tupu, inapendeza mno kwenye picha, wakipanda au wakikutana na tuta tairi linasaga kiti na nyaya za taa. Na shokapu ziwe na urefu ule ule wa mwanzo au zizidi kidogo, ukishusha nyuma usukani unakuwa mzito na futiresti zinakwaruza chini. Mstari wa chini wa tanki na mstari wa kiti vikiwa kimoja, hata kama hukununua kitu kingine chochote, pikipiki itaonekana kafe resa.

Filta ya koni, hapana. Kwa Dodoma hapana. Mvua zetu ni kama Disemba mpaka Aprili, miezi yote iliyobaki ni upepo na vumbi, na ikifika Agosti Septemba unajua mwenyewe hali ya huku Nkuhungu na Nzuguni ilivyo. Lile boksi la kiwandani linavuta hewa kutoka sehemu iliyotulia, na sponji yake ikipakwa oili vumbi linanasa. Koni ya bei rahisi inakaa wazi nyuma ya injini, pale pale tairi linapotupia mchanga, na mchanga ukipita unakuwa msasa kati ya ringi na silinda, miezi michache tu unaanza kuona moshi wa bluu na oili inapungua. Alafu kuna la pili, koni inaingiza hewa nyingi lakini jeti inamimina petroli ile ile, mchanganyiko unakuwa mwepesi, injini inachemka, pistoni inaweza kunata. Huku tuko kama mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi ukilinganisha na Dar, kwaiyo pikipiki iliyotuniwa Dar huku inakuwa na petroli nyingi kidogo, na kuna watu wanasema basi koni inasawazisha. Inaweza ikasawazisha kweli kwa hewa, vumbi je? Kama lazima ule uwazi wa katikati ya chesisi unaobaki boksi likitoka uonekane, mwambie mtu wa bati akutengenezee boksi dogo la chini ya kiti lenye sponji, liunganishwe na kabureta kwa mpira mzima usio na ufa, alafu usome plagi. Ikiwa na rangi ya kahawia uko sawa, nyeupe ongeza jeti, nyeusi yenye masizi punguza. Jeti panda au shuka namba moja moja.

Breki, hela ya kiti ihamishie huku kwanza. Dramu ya mbele ikiwa na shuu mpya, kebo mpya na dramu isiyo na mtaro inatosha kwa pikipiki ya 125 ya mtu mmoja. Ukitaka diski usiunge unge, tafuta seti nzima ya mbele ya pikipiki moja, shokapu, habu, kaliper, pampu ya mkononi, na upime beringi za shingo kama zinakaa. Tairi za zamani tupa hata kama kashata zake bado nzima, mpira unakauka.

Injini ya 150 ya mchina, zile zimeandikwa 162FMJ, hiyo 62 ni kipenyo cha pistoni kwa milimita, ni watoto wa CG hiyo hiyo na nyingi zinakaa kwenye chesisi yako bila tabu kubwa, ila pima matundu ya bolti kabla ya kulipa. Mimi ningeiacha ya mjomba. Sababu kubwa ni kwamba namba ya injini imeandikwa kwenye kadi, ukibadilisha unaongeza safari za TRA (mamlaka ya mapato) juu ya ile uliyonayo tayari, maana kadi iko kwa jina la marehemu na lazima awepo msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama ndo jina lihamishwe. Hilo la mirathi lianzeni nyumbani sasa hivi kabla ya kununua hata nati. Rangi nayo iko kwenye kadi, ukipaka nyingine ikaripotiwe. Namba ya chesisi iko pale shingoni, isisagwe, isifunikwe na filla, na hata rangi ipigwe huku imezibwa na tepu, trafiki akiitafuta aione. Taa, indiketa, vioo na honi vibaki, vidogo sawa lakini vibaki. Kama ni umeme wa volti 6 na unataka 12, chukua flaiwili, sitata, CDI, koili na rektifaya kutoka injini moja, na kabla ya kulipa hakikisha hiyo flaiwili inakaa sawa kwenye krenki (shafti kuu ya injini) yako, usichanganye cha huyu na cha yule.

Sailensa usikate. Ikikatwa inapiga kelele tu, mchanganyiko unavurugika tena na nguvu za chini zinapungua. Ukitaka fupi tafuta ile ya umbo la tarumbeta yenye kizuizi ndani, bomba linalotoka kwenye injini libaki na kipenyo chake, gasketi mpya pale kwenye hedi, na mwisho wake ining'inizwe kwenye chesisi kwa raba, la sivyo itapasuka kwenye shingo kabla hujafika Chamwino.