Swali la lugha: megatheriamu "alikuwa", "ilikuwa" au "lilikuwa"?

Msomaji mmoja ambaye ni mwalimu kauliza hivi: "Naandaa somo la wanyama waliotoweka, nimefika kwa wale slothi wakubwa wa ardhini wa Amerika Kusini, ndugu za hawa wadogo wanaoning'inia mitini. Niseme megatheriamu, ambaye ni mmoja wao, alikuwa, ilikuwa au lilikuwa? Maana keshakufa zamani, imebaki mifupa tu, halafu lenyewe lilikuwa lidude."

Mwalimu, sema "alikuwa". Mnyama ni A-WA tu, awe hai, awe kafa jana, awe katoweka miaka elfu kumi na kitu iliyopita, kufa hakumtoi kwenye ngeli, ndo maana hata samaki akishakaangwa bado ni "samaki huyu". Na jina la kigeni lisikutishe, mbona kifaru ana ki- kabisa na hakuna anayesema kifaru kinakula majani, labda awe anaongelea kile cha jeshi, tena hicho hakili majani.

"Lilikuwa" nayo ina pake, ukitumia ukubwa: "jinyama lile lilikuwa na uzito wa tani kama 4". Hapo safi. Ila "megatheriamu lilikuwa" mi siipitishi.

Kinachosumbua hasa ni mifupa. Chukua yule aliyepatikana 1787 kando ya mto Luján, karibu na Buenos Aires. Kilichochimbuliwa ni kiunzi cha mifupa, kwahiyo kilichimbuliwa, kikasafirishwa kwa meli mpaka Madrid na kiko makumbusho ya huko hadi leo. Ukiandika "alisafirishwa" wanafunzi watamwona anashuka bandarini kwa miguu yake, na wala hawatakuwa mbali na mfalme Carlos wa Tatu wa Hispania, maana baada ya kile kiunzi kufika aliagiza atafutiwe mwingine akiwa hai! Mwingine, sio kingine. Halafu 1796 Cuvier, mwanasayansi Mfaransa, akampa jina, na hapo ni "akampa" sio "akakipa", kwa sababu jina ni la mnyama mwenyewe.

Kwenye familia, yaani ukoo wa kisayansi wa mnyama (huyu wetu ni wa Megatheriidae), angalia neno linaloongoza sentensi: familia ya Megatheriidae imetoweka, spishi zake zimetoweka, slothi wa familia hiyo wametoweka. "Familia hiyo wametoweka" naiona sana kwenye notsi za wanafunzi, hiyo weka alama nyekundu.