Nilipe ili nicheze?

SWALI: Shikamoo mzee. Niko Sheffield nasoma shahada ya pili. Kwetu Tanga nilisajiliwa timu ya ligi ya mkoa, beki namba tatu. Hapa nimepata timu ya Jumapili, lakini nahodha anataka nitoe pauni tano kila mechi. Ndondo kwetu mchezaji ndiye anayepewa! Je, naliwa? Na nikikaza, naweza kuonekana nikapanda? – Beki Tatu

JIBU: Marahaba mwanangu. Huliwi. Ndondo ina tajiri anayetafuta jina mtaani. Timu yako haina. Uwanja wa halmashauri unakodiwa, refa anadai chake siku hiyo hiyo, na kadi ya njano nayo ina faini. Hizo pauni tano zenu ndizo tajiri.

Tena hela ni sehemu tu. Utafunga nyavu kabla ya mechi na kuzifungua baadaye, vidole vimekufa ganzi, na usipopangwa unakabidhiwa kibendera cha pembeni, maana ligi za chini kila timu hutoa mtu wake. Mimi nimekishika miaka, tope hadi kwenye vifundo, nikizomewa na mama wa mshambuliaji niliyemwonyesha kaotea. Alikuwa kaotea hatua tatu nzima.

Mdomo uchunge. Tangu msimu wa 2019/20, kwenye ligi za ngazi hizo ukimbishia refa akakupa njano, unakaa nje dakika 10 na wenzako wanacheza pungufu. Watu wa Tanga nawajua kwa maneno.

Sasa hilo la kupanda. Jumapili ni mpira wa kujifurahisha, kiwango chake wakati mwingine kikubwa tu, ila hauna ngazi ya kukufikisha juu. Chama cha soka cha England, FA, kiliupiga marufuku mpaka mwaka 1960, na hadi leo unajiendea kivyake. Ngazi ni ya Jumamosi. Hapo kwenu South Yorkshire anzia Sheffield & Hallamshire County Senior League; juu yake iko Northern Counties East, ligi waliyoizoea klabu ya Hallam. Kawaone Hallam nyumbani kwao Sandygate. Klabu ya mwaka 1860, na uwanja umeinama kiasi kwamba namba tatu kipindi kimoja anapanda mlima, kingine anateremka. Hapo ndipo walipocheza na Sheffield FC tarehe 26 Desemba 1860. Sheffield FC ya 1857 ndiyo klabu kongwe kuliko zote duniani, na ajabu ni kwamba mwaka 2001 ilihamia Dronfield, kaunti jirani ya Derbyshire.

Unaweza kucheza siku zote mbili, wengi wanafanya hivyo. Magoti ni yako.

Lakini kabla ya yote kuna karatasi. Ulishasajiliwa Tanzania, kwa hiyo unahitaji ITC, hati ya uhamisho wa kimataifa, hata kama ni mpira wa ridhaa na hukuwahi kulipwa senti. FA inaiomba kwa TFF, shirikisho la soka la Tanzania. Mwambie katibu wa klabu leo, usingoje akuulize. Timu ikikuchezesha bila kibali inaweza kunyang'anywa pointi, na wewe ndiye utakayetazamwa vibaya kwenye chumba cha kubadilishia nguo.

Jingine ni viza. Ukipanda, kuna timu za Jumamosi zinazotoa bahasha baada ya mechi. Viza ya mwanafunzi hairuhusu kazi ya mwanamichezo wa kulipwa. Bahasha ikikujia, usiipokee kabla hujaongea na mshauri wa wanafunzi wa kigeni hapo chuoni. Kaka zako wa timu watakwambia ni nauli tu, lakini wao hawana viza ya kupoteza.

Pauni tano toa. Na tafuta njumu za meno ya chuma kabla ya Novemba, hizo za Tanga zitakulaza chini kila ukigeuka.