Mkristo Aingiapo Siasani, Aanze Kukemea Upande Wake

Kila uchaguzi unapokaribia, vijana wa kanisani huniuliza swali lilelile: je, Mkristo anaruhusiwa kuingia kwenye siasa? Nimekuwa mzee wa kanisa kwa muda mrefu, na kabla ya hapo nilitumika katika kamati ya haki na amani, kwa hiyo huja kwangu wakidhani nitawapa jibu refu. Jibu langu ni fupi. Anaruhusiwa, tena wakati mwingine analazimika, maana sheria inayopitishwa bungeni ndiyo inayoamua kama mjane atabaki na nyumba yake na kama mshitakiwa maskini atasikilizwa kabla ya kuhukumiwa, na hayo ni mambo ambayo manabii waliyasemea kwa ukali kuliko mengi tunayoyahubiri kila Jumapili. Linalonishughulisha zaidi ni swali la pili, ambalo vijana hawaliulizi: akishaingia, atajuaje kwamba bado anaongozwa na imani, wala si chama kilichoivaa imani yake kama kanzu?

Kipimo ninachokiamini ni kimoja, nacho ni kuangalia mtu anamkemea nani. Mtu akiona dhambi za wapinzani wake tu, na Maandiko anayoyanukuu yote yakawa yanaelekezwa upande ule mwingine, basi ajihoji kwa makini, hata kama kila neno analolisema kuhusu wapinzani hao ni la kweli. Nabii Nathani hakutumwa kwa mfalme wa Waamoni. Alitumwa kwa Daudi, mfalme aliyempenda, mtu aliyeupendeza moyo wa Mungu, na maneno yaliyomchoma ni manne tu: «Wewe ndiwe mtu huyo.» Aliyasema ndani ya ikulu, mbele ya mtu ambaye alikuwa ameshaonyesha kwamba anaweza kumwua mwenzake ili kuficha aibu yake.

Historia ya Kanisa ina mfano ambao huwa naurudia kila ninapofundisha jambo hili, kwa sababu unatuonyesha mtu mmoja akifaulu na kushindwa kipimo hikihiki, tena mbele ya mtawala yuleyule. Mwaka 380 Kaisari Theodosio aliifanya imani ya Nikea, yaani Ukristo unaokiri Utatu Mtakatifu, kuwa dini rasmi ya Dola la Kirumi, na tangu hapo maaskofu wakajikuta wana sauti ambayo babu zao katika imani, waliotupwa magerezani na kwenye viwanja vya wanyama, hawakuiota. Mwaka 388 umati wa Wakristo katika mji wa Callinicum, kando ya mto Frati, ulichoma sinagogi la Wayahudi, na askofu wa mahali pale akashitakiwa kwamba ndiye aliyewachochea. Kaisari aliamuru askofu huyo agharimie ujenzi mpya wa sinagogi, amri ambayo mtu yeyote mwenye kupenda haki angeiona kuwa ya haki. Ambrosi, askofu wa Milano, alisimama kuipinga. Alimbana Kaisari kwa barua, kisha akambana uso kwa uso kanisani, mpaka amri ikaondolewa. Miaka miwili baadaye, mwaka 390, askari wa Kaisari huyohuyo waliwaua watu kwa maelfu katika mji wa Thesalonike, kulipiza kisasi cha kamanda wa jeshi aliyeuawa kwenye ghasia. Safari hii Ambrosi alimwandikia kwamba hawezi kuadhimisha Ekaristi akiwapo yeye mpaka atubu, na mtawala mwenye nguvu kuliko wote wa zama zake akatubu hadharani.

Wahubiri wengi husimulia tukio la pili na kuliruka la kwanza. Mimi naomba yasomwe pamoja. Ujasiri wa Ambrosi ulikuwa uleule mara zote mbili, na nguvu ya madhabahu aliyoitumia ilikuwa ileile. Tofauti ni kwamba mwaka 388 aliitumia kuwakinga watu wa kundi lake wasiwajibike kwa uhalifu walioufanya dhidi ya watu dhaifu, na mwaka 390 aliitumia kumwambia Mkristo mwenzake, aliye mlinzi na mfadhili wa Kanisa, kwamba mikono yake ina damu. Kwa hiyo ujasiri peke yake hauthibitishi kwamba tunasimama upande wa Mungu. Nimewaona watu wajasiri sana wakitetea uovu wa nyumbani kwao kwa machozi na kwa kufunga.

Jambo hili linaanza chini kabisa, kwenye ibada ya kawaida, ndiyo maana nasimulia lililotokea kwetu. Majira fulani ya kampeni, mgombea mmoja alifika ibadani na wapambe wake, wakakaa viti vya mbele. Kabla ya somo la kwanza, kijana wake mmoja alimfikia katibu na karatasi iliyoandikwa jina, cheo na nafasi anayoigombea, akiomba isomwe wakati wa matangazo, na mwingine akamtafuta mhasibu akiwa na bahasha. Baraza la wazee lilikuwa limeshakubaliana mapema, kabla hajajulikana nani atakuja: mgeni yeyote atatajwa kwa jina lake bila cheo, hatapewa kipaza sauti, sadaka yake ataitumbukiza kwenye kikapu kama mwingine bila kiasi kutangazwa, na mazungumzo ya siasa yatafanyika nje ya jengo, baada ya baraka ya mwisho. Ugumu ulikuwa kwamba mgombea huyu alitoka katika chama kilichoungwa mkono na wengi wetu, naye alikuwa Mkristo mwenye ushuhuda mzuri, na paa la kanisa lilikuwa linavuja. Mzee mmoja aliniinamia akaninong'oneza kwamba kanuni tuliiweka kwa ajili ya wale wengine, si kwa ajili ya mwenzetu. Tulishikilia. Mhasibu alirudisha bahasha kwa upole, akaonyesha kikapu kilipo. Mgombea aliondoka amekasirika, na tuliendelea kuweka ndoo chini ya paa kwa muda mrefu. Baadaye, mpinzani wake alipofika akakuta utaratibu uleule, hakuwa na la kulalamikia, na waumini waliompenda hawakuwa na sababu ya kuhisi kwamba kanisa si lao.

Ushauri wangu kwa wachungaji na wazee ni huo: wekeni kanuni mapema, mkiwa hamjui itamwumiza nani, kisha muifuate itakapomwumiza mnayempenda. Kanisa Katoliki limeliweka jambo hili katika sheria zake. Mkusanyo wa Sheria za Kanisa wa mwaka 1983 unawakataza makleri, yaani mashemasi, mapadre na maaskofu, kushika vyeo vya umma vyenye mamlaka ya kiserikali. Makanisa mengine yana taratibu tofauti, nami sioni lazima yote yafanane. Lakini mchungaji anayemtangaza mgombea kutoka mimbarani amejifunga kinywa. Siku mgombea huyo akiiba, mchungaji atanyamaza, au atasema, na watu watamwuliza alikuwa wapi alipompaka mafuta.

Tuje kwa muumini wa kawaida, ambaye uwanja wake mkubwa wa siasa siku hizi ni simu yake. Amri ya tisa inasema, «Usimshuhudie jirani yako uongo», na sioni mahali ilipowatoa majirani wa chama kingine. Katika makundi yetu ya WhatsApp ya kanisa nimeona watu wanaosali kwa bidii wakisambaza picha ya zamani kana kwamba ni ya jana, au maneno ambayo mgombea hakuyasema, kwa sababu tu yanaonekana kumfaa. Kabla sijasambaza jambo baya kumhusu mtu nisiyemuunga mkono, najiuliza: ushahidi huuhuu ungeletwa kumhusu yule ninayemuunga mkono, ningeuamini? Kama ningetaka uthibitisho zaidi, nautafuta uthibitisho huohuo sasa. Mara nyingi ujumbe huishia hapo. Ninapokuta mwenzangu amesambaza uongo unaotufaidi sisi, ndipo namwandikia, kwa faragha kwanza, kama Mathayo 18 inavyoagiza. Nimepoteza marafiki wachache kwa kufanya hivyo, na inaniuma.

Watu hunipinga kwa Warumi 13, «Kila mtu na aitii mamlaka iliyo kuu», nami naiheshimu sura hiyo kwa moyo wangu wote. Nalipa kodi kwa sababu yake. Hata hivyo Paulo hakuishia kwenye aya ya kwanza. Aya ya nne inasema mtawala ni mtumishi wa Mungu kwako kwa ajili ya mema, na mtumishi huulizwa kazi yake. Serikali ya ubaguzi wa rangi ya Afrika Kusini iliitegemea sana sura hii, nayo makanisa kadhaa, yakiwamo ya Kireformati, yaani ya Kiprotestanti yafuatayo mapokeo ya Calvin, yaliibariki. Mwaka 1982 muungano wa makanisa ya Kireformati duniani, ukikutana Ottawa, ulitamka kwamba kuutetea ubaguzi huo kwa theolojia ni uzushi. Waliotamka hivyo walikuwa wanawaambia ndugu wa ukoo wao wa imani, wenye ungamo moja nao. Huo ndio ukemeaji ninaouzungumzia, nao hauna umati wa kuushangilia.

Desmond Tutu, askofu mkuu wa Kianglikana wa Afrika Kusini, aliufuata mwendo huo mpaka uzeeni. Aliupinga utawala wa makaburu kwa miaka mingi, na serikali aliyoitamani ilipoingia madarakani mwaka 1994, hakuchukua muda kuwasuta wakubwa wake wapya kwa mishahara minono waliyojipangia. Mwaka 2011, serikali hiyo ilipomkwamishia viza Dalai Lama, kiongozi wa dini wa Watibeti, Tutu alitamka mbele ya waandishi wa habari kwamba itafika siku watauombea utawala huo uanguke, kama walivyoomba dhidi ya utawala wa ubaguzi. Wapo waliomwona msaliti. Mimi naona kwamba kauli zake za miaka ya themanini zilipata uzito zaidi, kwa kuwa sasa tulijua hakuwa akipigania rafiki zake tu.

Nina ushauri mwingine kwa wale wanaotaka kuleta dhamiri yao ya Kikristo kwenye mikutano ya hadhara, mahali ambapo wasikilizaji wengi si Wakristo. Aya ya Biblia inakuongoza wewe. Jirani yako ana haki ya kupewa sababu anayoweza kuipima. Thomas Clarkson, shemasi wa Kianglikana, aliichukia biashara ya watumwa kwa sababu za imani, lakini hakwenda na imani peke yake. Alizunguka bandari za Bristol na Liverpool, akawahoji mabaharia, akapekua orodha za meli na kuonyesha jinsi hata mabaharia wenyewe walivyokuwa wakifa kwa wingi, akanunua pingu na kuwaonyesha watu. Mbunge William Wilberforce alilipeleka suala hilo katika bunge la Uingereza mwaka 1789, na biashara hiyo ikapigwa marufuku mwaka 1807, baada ya kushindwa mara nyingi. Utumwa wenyewe katika makoloni ya Uingereza ulisubiri sheria ya mwaka 1833. Wenye watumwa nao walinukuu Biblia. Aya dhidi ya aya, mjadala ungekwama. Orodha za meli zilikuwa ngumu kujibiwa.

Kwa hiyo ninapokwenda kuzungumza kwenye kikao cha umma, nasoma kwanza muswada wenyewe, si maelezo ya mtu kuhusu muswada. Nikisema ni wa kikatili, niwe na kifungu mkononi na nieleze utamwumiza nani. Anayeniuliza kwa nini ninajali, namwambia wazi kwamba ni kwa sababu ya Kristo, bila kuona haya. Sidhani tunatakiwa kuificha imani yetu tukifika mlangoni mwa ukumbi.

Na maombi? Paulo aliagiza dua kwa ajili ya wafalme na wote wenye mamlaka wakati mwenye mamlaka hakuwa Mkristo. Katika kikundi chetu cha maombi tunawataja kwa majina wagombea wote, tukianza na wale wanaotukera, na hatuombi washindwe. Tunaomba wasipokee rushwa, wasiwadhuru watu, watoto wao wawe salama. Ni vigumu kumtukana mtu Jumatano uliyemwombea mtoto wake Jumanne.

Uchaguzi ukipita, wengi huweka siasa kando mpaka kampeni zijazo. Ndipo kazi yangu inapoanza. Barua yangu ya kwanza humwendea mwakilishi niliyempigia kura kama ameshinda, si yule niliyemkataa. Namnukulia ahadi aliyoitoa, kwa maneno yake mwenyewe, na kumwomba anieleze ataitimiza kwa fungu gani na kwa muda gani. Siandiki kwa hasira, wala sitaji aya. Namwambia tu kwamba nilimpa kura yangu mbele za Mungu na kwamba nitauliza tena. Nakala naihifadhi, na bajeti inaposomwa naitoa, naiweka kando ya mafungu yaliyotengwa, na kama ahadi haimo, naandika barua ya pili.