Miaka tisa nilishona magauni ya Komunyo, mwenyewe sipokei

Nimekulia kambi ya polisi ya Nsambya, hapa Kampala, ambako Kiswahili ndiyo lugha ya uani, ya bombani na ya kugombana. Ukivuka geti ukakitumia mjini, watu walikutazama kama umekuja kuwakamata. Baba alikuwa askari, Mkatoliki wa kutoka Teso, mtu wa maneno machache. Kila Jumapili akiingia kanisani alipiga goti mpaka liguse sakafu, kisha alisimama wima kidogo, mikono ubavuni, ndipo aingie kwenye benchi. Nikiwa na miaka sita hivi nilimuuliza anasimama wima kwa heshima ya nani, maana mbele hapakuwa na mtu.

"Ile taa nyekundu unaiona?" akasema. "Ikiwaka, ujue Mkubwa yupo ofisini."

Hilo ndilo lililokuwa fundisho langu la kwanza kuhusu Ekaristi, ule mkate uliowekwa wakfu tunaoupokea kwenye Komunyo; taa hiyo huwaka kando ya kisanduku unamohifadhiwa. Baadaye nilisoma katekisimu, nikafundishwa kwamba Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, mwaka 1551 ulieleza jinsi mkate na divai vinavyogeuka kweli kuwa Mwili na Damu ya Kristo, ingawa macho yanaendelea kuona mkate na ulimi unaendelea kuonja divai. Yote hayo nayakubali. Lakini nikiingia kanisani nimechoka na sina hata neno la kusali, ninachotafuta kwanza ni ile taa.

Leo nataka kuongea na wale wanaoiona taa hiyo kila Jumapili na hawainuki kwenda kupokea. Tuko wengi, au niseme nilikuwa mmoja wenu, na najua mnavyojifanya mnatafuta kitu kwenye mkoba foleni ikianza kutembea.

Mimi ni fundi cherehani. Msimu wa Komunyo ya Kwanza ukikaribia, meza yangu inakuwa nyeupe tupu: vitambaa kutoka maduka ya Kiyembe mjini, lesi, shela, vifungo vidogo kama punje za mchele. Akina mama wananiletea mabinti zao niwapime, na mtoto akiwa mtundu namuuliza anajua anaenda kupokea nini, ili atulie. Kuanzia 2012 mpaka 2020 nilishona magauni hayo kila mwaka. Siku yenyewe nilikuwa naenda kanisani, nakaa nyuma ya nguzo, naangalia kama pindo limekaa sawa. Watoto wakipita mbele wakisema "Amina", mimi nilikuwa fundi aliyekuja kukagua kazi yake.

Sababu ni ya kawaida sana hapa Uganda. Mwaka 2012 mume wangu alikuja nyumbani na wazee wake, kwanjula, sherehe ya kumtambulisha mume kwa wazee wa mke, ikafanyika, ng'ombe wa mahari wakatajwa na baadhi wakatolewa. Kwa wazee tayari nilikuwa mke wa mtu. Kwa Kanisa, bado, na anayeishi hivyo hapokei Komunyo. Tulisema tutafunga ndoa "tukishajipanga". Mnakijua kikao cha harusi cha Kampala: mwenyekiti, mweka hazina, daftari la ahadi, soda. Kikao chetu cha kwanza kilileta bajeti ya shilingi milioni 18. Keki peke yake ilikuwa na ghorofa nyingi kuliko nyumba tuliyopanga. Kikao cha pili walikuja watu wanne. Kisha ikaja karo, ikaja bati la nyumba ya mama mkwe, akaja mtoto wa pili. Miaka ikapita hivyo, bila mtu kuamua kwamba ipite.

Niseme ukweli ambao sikuwa nausema zamani. Mwaka wa kwanza nililia wakati wa Komunyo. Mwaka wa tatu sikulia. Mwaka wa tano nilikuwa nachelewa Misa na kutoka baada ya Baba Yetu, nikijiambia nawahi wateja. Njaa ya tumbo, usipoilisha siku nyingi, inafika mahali inanyamaza, na mtu anadhani ameshiba. Ukikuta hali hiyo, ndugu yangu, ogopa. Uchungu wa kutopokea ni dalili kwamba bado uko mzima.

Kuna padre mmoja, simtaji, aliwahi kutuambia mimbarini kwamba sisi tunaoishi bila ndoa ni kama watu wanaosimama nje ya ukuta wa harusi wakinusa pilau. Nilikasirika miezi miwili, nikawa nasali parokia nyingine. Mpaka leo naona hakuhitaji kusema vile mbele ya watoto wetu. Ila kile kisa cha pilau hakikunitoka, kwa sababu alikosea jambo moja: harufu si ya kumdhihaki mtu. Harufu inaita.

Bibi yangu, mama yake baba, aliishi kigango cha mbali kule Teso. Padre alikuwa anafika kwa pikipiki mara moja kwa miezi miwili, mvua ikizidi ni mitatu. Jumapili nyingine zote katekista aliongoza masomo na sala, watu wakaenda nyumbani. Mwaka mmoja nilipokuwa likizo kwake, habari ikaja kwamba padre atafika Jumatano. Bibi hakwenda shamba siku hiyo. Alioga alfajiri, akavaa gomesi lake la pekee, akakaa kwenye kigoda tangu saa moja asubuhi, na padre akafika saa saba mchana. Hakula kitu. Nilimwambia, "Bibi, sheria ni saa moja tu kabla ya kupokea, na maji na dawa vinaruhusiwa." Akanijibu kwamba yeye hajafunga kwa ajili ya sheria, anasubiri mgeni, na mtu anayesubiri mgeni hali peke yake.

Nikikumbuka kigoda kile nakumbuka na historia yetu. Padre Lourdel, ambaye Waganda walimwita Mapeera, alifika nchi hii Februari 1879 pamoja na Bruda Amans, na mwaka uliofuata wakabatiza watu wa kwanza. Mwishoni mwa 1882 wamisionari hao wakaondoka, wakavuka ziwa kwenda Bukumbi, upande ambao leo ni Tanzania. Wakarudi 1885. Karibu miaka mitatu, wakristo wapya wa Buganda hawakuwa na padre hata mmoja, maana yake hawakuwa na Misa. Walifundishana majumbani, wakasali, wakaongeza wenzao. Na ndio hao hao ambao muda mfupi baadaye, kwa ajili ya imani yao, wengine walikatwa vichwa, na wengine, akiwemo Karoli Lwanga, wakachomwa Namugongo tarehe 3 Juni 1886. Tunapoenda Namugongo kila Juni, tukisukumana na mahujaji waliotembea kutoka Kenya na Tanzania, tunasimulia moto. Mimi huwa nawaza zaidi ile miaka mitatu ya kusubiri.

Kisha 2020. Februari, hayati Askofu Mkuu Cyprian Kizito Lwanga alitoa maagizo kwa jimbo la Kampala: Komunyo isipokelewe mkononi, na wanaoishi pamoja bila ndoa ya Kanisa wasipokee. Nilijua agizo la pili si jipya, lakini kulisikia likisomwa kulinichoma. Mwezi mmoja baadaye korona ikafunga makanisa yote. Misa ikawa redioni. Jirani yangu, mama wa kwaya, mtu wa kupokea kila siku, alikuja dukani kwangu analia kwamba amekaa wiki sita bila Ekaristi na anahisi kama anakauka. Nilimshika mkono. Sikumwambia kwamba mimi nina mwaka wa nane.

Siku hiyo jioni ndipo nilipoanza kusali ile sala ya komunyo ya kiroho ambayo redio ilikuwa inairudia: kwamba kwa kuwa sasa siwezi kukupokea katika Sakramenti, njoo rohoni mwangu. Nilikuwa nimeisikia miaka yote, nikaidharau kama chakula cha wagonjwa. Kumbe mgonjwa nilikuwa mimi. Kama uko kwenye benchi leo, anzia hapa. Usikimbie Misa, usitoke baada ya Baba Yetu. Wenzako wakiinuka, piga magoti ulipo, umwambie kwamba unataka.

Lakini usiishie hapo, maana komunyo ya kiroho si mahali pa kujenga nyumba. Makanisa yalipofunguliwa nilikwenda kwa paroko wetu na mume wangu. Nilikuwa na hofu mara mbili, kwa sababu mume wangu ni Mprotestanti, wa Kanisa la Uganda. Paroko alichukua karatasi akaandika: cheti cha ubatizo cha kila mmoja, ruhusa ya askofu kwa kuwa mmoja si Mkatoliki, ahadi yangu kwamba nitafanya kila niwezalo kuwalea watoto katika imani yangu, mafundisho ya ndoa, matangazo, mashahidi wawili. Nikamuuliza, "Padre, na ukumbi?" Akaigeuza karatasi, akaniangalia, akasema keki haimo upande wowote.

Tulifunga ndoa Januari 2021, Alhamisi, wiki mbili baada ya uchaguzi. Mikusanyiko ilikuwa bado na masharti, na hilo ndilo lililotuokoa na kikao, kwa sababu hakuna shangazi aliyeweza kulalamika kwamba hakualikwa. Tulikuwa kumi na wanne. Nilijishonea gauni kwa kitambaa kilichobaki cha Komunyo ya Kwanza. Chakula kilikuwa matoke na kuku wawili wa mama mkwe. Zile milioni 18 tulizozisubiri miaka yote hazikuhitajika hata siku moja, na hapo ndipo ninapowasihi vijana: nendeni parokiani kwanza, kikao baadaye. Mkitaka sherehe, fanyeni sherehe mkiwa tayari mmefunga ndoa. Hakuna atakayewakataza.

Kabla ya siku hiyo niliungama. Hili watu wanaliogopa kuliko bajeti. Nilikuwa nimeandika dhambi zangu kwenye karatasi ya vipimo, na mikono ilitetemeka mpaka nikasoma na kiuno cha mteja. Padre alicheka, nami nikacheka, kisha nikalia. Ilichukua kama dakika ishirini kwa miaka tisa. Paulo aliwaandikia Wakorintho kwamba mtu ajihoji mwenyewe kwanza, ndipo aule mkate na kukinywea kikombe, na mimi nimeona kwamba kujihoji huko kunaumiza mara moja tu, kukwepa kunaumiza kila Jumapili.

Mnataka kujua nilihisi nini nilipopokea? Hostia haikuwa na ladha, kama zamani. Hakuna ngurumo. Nilirudi kwenye benchi na kitu kilichonijia ni cha kijinga kabisa: nilikumbuka geti la kambi, jinsi askari wa zamu alivyokuwa anatujua watoto wote na kutufungulia bila kuuliza. Nikakaa na hilo. Nawashauri mnaopokea kila wiki mjipe dakika kama hizo, msirudi mkaanza kuimba au kuangalia simu papo hapo. Na jambo la pili kwenu ninyi: msihesabu nani hajainuka.

Waganda wanasema "okusembera" kwa kupokea Komunyo, neno lilelile la kusogea karibu. Nalipenda neno hilo kuliko letu la kupokea, kwa sababu linaanza na miguu.

Binti yangu mkubwa yuko kwenye mafundisho sasa. Juzi aliniuliza kwa nini Yesu hakutumia matoke, kwa kuwa ngano hatulimi hapa kwetu. Nilimwambia alitumia kilichokuwa mezani kwao usiku ule, na Kanisa limeshika hivyo hivyo, ngano na mzabibu, popote duniani. Hakuridhika. Akasema basi angezaliwa Masaka, huku kwetu kwenye matoke. Nimemwachia katekista.

Jumapili tukiinuka, mume wangu anavuta magoti pembeni tupite. Yeye hapokei, Kanisa langu halijampa nafasi hiyo, naye hajaitafuta, na sitamsukuma, maana nimeshasukumwa na najua. Ananipokea mkoba, anauweka mapajani. Siku za kwanza alikuwa anakaa akisoma matangazo ya parokia mpaka turudi. Siku hizi nikigeuka kutoka altareni namkuta amepiga magoti, mkoba wangu wa maua ukiwa begani kwake, macho yake kwenye ile taa.

Gauni la binti liko mezani. Limebaki pindo.