Nyama ya porini, mtumbwi wa marehemu na kanga wa Mufindi: maswali yenu ya leseni

Safari hii wengi mmeuliza kuhusu leseni za kuwinda na kuvua, na maswali mengi yametoka Iringa, Mbarali, Kyela na Rungwe. Nimejibu yale yanayogusa watu wengi. Kuna jambo moja nimeliona karibu kwenye kila barua, watu wanaanza kuuliza "leseni inapatikanaje" wakati swali la kwanza kabisa ni "hapa niliposimama ni wapi?" Mana kuna sehemu hata uwe na leseni ya dhahabu huruhusiwi kugusa kitu.

SWALI: Kamwene mhariri. Mimi niko Pawaga. Binamu yangu kaja na nyama kavu ya pofu, nikanunua kilo mbili tu kwa ajili ya watoto. Sijawinda mimi, sina bunduki, sina hata mtego. Jirani ananiambia naweza kufungwa. Ni kweli au ananitisha?

Kamwene ndugu yangu. Jirani yako hakutishi, amekupenda. Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori Na. 5 ya 2009 haimuadhibu mwindaji peke yake, kukutwa tu na nyara ya serikali bila kibali ni kosa linalojitegemea, na nyara sio pembe za ndovu tu kama watu wengi wanavyodhani, nyama ni nyara, ngozi ni nyara, hata ile mifupa uliyomtupia mbwa. Na pale kwenye kumiliki ndo pabaya zaidi, kwasababu wewe uliyekutwa nayo ndo unatakiwa uoneshe umeipata kihalali. Ukisema "nimeuziwa na binamu" umejibu nani kakuletea, hujajibu kibali kiko wapi.

Sasa adhabu. Kifungo kinaweza kuwa miaka 20 mpaka 30. Sio miezi, ni miaka. Mahakama zetu zimewafunga watu miaka 20 kwa vipande vya nyama ya swala, na wengi wao sio majangili wa kimataifa, ni wakulima, vijana wa bodaboda, akina mama waliokutwa na sufuria jikoni. Tena thamani haipigwi kwa kilo kama buchani, afisa wanyamapori anaithamini kwa mnyama mzima, yani ukikutwa na mguu wa swala pala umekutwa na swala pala, na kwenye kesi nyingi mnyama huyo mmoja amehesabiwa Dola za Marekani 390. Pofu anazidi hapo mbali sana. Halafu makosa haya yanaingia kwenye sheria ya uhujumu uchumi, kwahiyo hata habari ya dhamana inakuwa na mlolongo wake, mtu anakaa mahabusu wakati mpunga unaharibika shambani. Mimi jambo hili linaniuma sana kwasababu naona mtu anapoteza nusu ya maisha kwa kitoweo cha siku mbili, na hakuna aliyemwambia mapema.

Kwahiyo usimuuzie mtu, usimgawie mtu, na usinunue tena. Tafuta mwanasheria au wasaidizi wa kisheria, hawa wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017 na huduma yao ni bure kwa asiye na uwezo, waeleze yote bila kuficha kabla hujafanya chochote.

Je kuna njia ya halali ya kula nyama ya porini? Ipo. Tangu 2020 kuna kanuni za bucha za nyamapori, bucha linakuwa na leseni, unanunua na unapewa risiti, na hiyo risiti uitunze mpaka nyama iishe kabisa nyumbani. Na nyinyi wa Idodi na Pawaga mna bahati ambayo sehemu nyingi hawana, mna MBOMIPA, jumuiya ya vijiji 21 yenye eneo lake la hifadhi ya jamii tangu 2007. Nenda ofisi ya kijiji uulize kama kuna mgao wa uwindaji mwaka huu na nyama inagawiwaje. Ni haki yako kama mwanakijiji kuuliza hivyo, usione aibu.

SWALI: Habari za kazi. Mume wangu amefariki mwaka jana, alikuwa anavua usipa Ziwa Nyasa huku Kyela. Ameacha mtumbwi, nyavu na leseni yenye jina lake. Kijana wetu mkubwa anataka kuendelea. Aende tu na leseni ya baba yake?

Pole sana mama, Mungu ampumzishe mahali pema. Hapana, asiende nayo. Leseni ya uvuvi ni ya mtu aliyeandikwa jina, hairithiwi kama shamba wala haiazimwi. Mtumbwi na nyavu ni mali, hivyo vinarithiwa, ila karatasi ile imekufa na mwenyewe.

Kwa Sheria ya Uvuvi Na. 22 ya 2003 na kanuni zake za 2009 kuna vitu vitatu ambavyo watu wanavichanganya. Chombo kinasajiliwa, chombo kinalipiwa leseni, na mvuvi mwenyewe naye ana leseni yake. Mtu analipia kimoja akidhani kamaliza, doria ikija anashangaa. Kijana aanze kwa BMU ya mwalo wenu, yani kile kikundi cha wanajamii kinachosimamia uvuvi pale mwaloni, wale wanamjua mtoto wa nani na mtumbwi wa nani, wampe barua au wamsindikize kwa afisa uvuvi wa halmashauri. Vyombo vidogo vya chini ya mita 11 vinamalizwa hapo hapo halmashauri, hakuna sababu ya mtu kukwambia umtume kijana Dodoma. Abebe kitambulisho cha NIDA, karatasi za zamani za chombo, na kitu cha kuonesha familia imekubaliana mtumbwi ni wake, hata muhtasari wa kikao cha ukoo uliogongwa muhuri na mtendaji. Malipo yafanyike kwa kontrol namba, asimpe mtu hela mkononi hata kama ni rafiki wa marehemu. Na leseni ni ya mwaka, akilipa leo ajue mwakani analipa tena.

Wakati mko hapo fungueni nyavu mzikague. Kokoro ni marufuku, nyavu za uzi mmoja wa plastiki ni marufuku, baruti na sumu ndo usiseme, na sumu ni pamoja na utupa, ule mmea wetu ambao wazee walikuwa wanautwanga na kumwaga mtoni. Kwamba babu alifanya hivyo haikuondolei kosa. Leseni haihalalishi nyavu haramu, nyavu haramu inakuponza na leseni yako mfukoni.

SWALI: Mimi ni wa Mbarali. Baba zetu walivua kambale na perege Ihefu miaka nenda rudi. Nikikata leseni ya uvuvi halmashauri naweza kurudi kule?

Hapana. Hapa ndo lile swali la "nimesimama wapi". Bonde la Usangu pamoja na Ihefu liliingizwa Hifadhi ya Taifa ya Ruaha mwaka 2008, na ndani ya hifadhi ya taifa leseni ya halmashauri haina kazi, wenye eneo ni TANAPA, shirika la hifadhi za taifa. Najua historia ya watu kuondolewa kule ina maumivu yake na mipaka imebishaniwa sana, siwezi kukwambia usahau. Lakini ukiingia na ndoana kwa kuamini karatasi ya halmashauri utapoteza baiskeli, samaki na uhuru. Mtera kwenye bwawa kunavuliwa kwa leseni, na mito iliyo nje ya mipaka muulize afisa uvuvi akuoneshe kwenye ramani, sio kwa kunyoosha kidole.

SWALI: Tembo wanamaliza mahindi yetu na nguruwe pori wanamalizia. Nikiua mnyama shambani kwangu nahitaji leseni?

Sheria inaacha mlango kwa mtu anayeokoa maisha au mali yake, ukimuua mnyama anayekushambulia hapo hapo huwi mwindaji haramu. Ila mlango huo ni mwembamba sana. Kumfuata mnyama kesho yake porini sio kujiokoa, kutega nyaya pembeni ya shamba wiki nzima sio kujiokoa, na kuweka sumu kabisa sio. Tena ukishaua, mnyama sio wako. Unatoa taarifa haraka kwa mtendaji au afisa wanyamapori, huchuni, hugawi nyama kwa majirani, mana ukianza kugawa umerudi kwenye kesi ya yule ndugu wa Pawaga, na wewe na majirani wako wote.

Kwa tembo usijaribu kabisa, ni hatari kwako kabla hata hujafika kwenye sheria. Piga simu askari wa wanyamapori, tumieni kelele, pilipili, mizinga ya nyuki kwenye uzio. Na mazao yakiliwa dai kifuta jasho, mtu akijeruhiwa au kufariki familia inadai kifuta machozi, vyote vipo kwenye kanuni za 2011. Hela yenyewe ni ndogo ukilinganisha na gunia ulizopoteza na inachelewa, nasema ukweli, lakini usipotoa taarifa mapema afisa akapima uharibifu huna hata cha kudai.

SWALI: Niko Mufindi, nina shotgani yenye leseni ya polisi. Nataka kuwinda kanga na pongo kihalali. Leseni ya silaha haitoshi?

Haitoshi. Leseni ya silaha inasema unaruhusiwa kuwa na bunduki, haisemi umpige nani. Unachotafuta kinaitwa uwindaji wa wenyeji, ni kwa raia, na msimu wake ni Julai mpaka Desemba. Unaanzia kwa afisa wanyamapori wa wilaya au ofisi ya TAWA, ile mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, unaonesha leseni ya silaha, unaomba, ukikubaliwa unapewa leseni iliyoandikwa mnyama gani, wangapi, eneo gani na tarehe gani. Ukiandikiwa kanga ukapiga pongo umewinda bila leseni. Kanga ni ndege kweli, ila naye ni wa leseni, wengi wanakosea hapo.

Usiwinde usiku, usipige ukiwa kwenye gari, usimulike tochi, usimguse jike mwenye mimba au mwenye mtoto. Msitu ukiwa wa TFS, wakala wa huduma za misitu, hiyo ni mamlaka nyingine, ulizia kwanza. Na gobole la babu lililofichwa darini lisajiliwe au lisalimishwe polisi, hilo halina leseni ya kuwindia kwa namna yoyote.

SWALI: Ndaga fijo kwa safu hii. Nina bwawa la perege Tukuyu, maji nachepusha kutoka kijito. Nikivua samaki wangu nahitaji leseni ya mvuvi?

Ndaga fijo nawe. Samaki uliowapanda mwenyewe kwenye bwawa lako ni mavuno, leseni ya mvuvi wa ziwani sio habari yako, ila mjulishe afisa uvuvi akuandikishe kama mfugaji, na ukianza kusafirisha samaki kwenda kuuza Mbeya mjini muulize karatasi za njiani. Kinachokuhusu sana ni hicho kijito. Kuchota ndoo za nyumbani hakuhitaji kibali, kuchepusha maji kwenda bwawani kunahitaji, Sheria ya Rasilimali za Maji ya 2009. Na kwako ni rahisi mana ofisi ya Bodi ya Maji Bonde la Ziwa Nyasa iko hapo hapo Tukuyu. Halafu vifaranga chukua vya hapa hapa, usilete sato wa ziwa lingine, mvua za Rungwe unazijua, bwawa likifurika wote wanashuka kijitoni mpaka ziwani na hakuna wa kuwarudisha.