Tairi la nyuma la Boxer kwa njia za Kasulu

Kaka, umeuliza kama ufunge tairi nene nyuma ya pikipiki yako ya Boxer ili isiteleze na matope ya Kasulu, mi nakwambia usifunge. Soma ubavuni mwa tairi la zamani, kama ni 3.00-17 (upana inchi 3, rimu inchi 17) nunua hilohilo, maana nene kwenye rimu nyembamba linajikunja vibaya na linaweza kukwaruza cheni. Kinachosaidia kwenye tope ni kashata, yaani yale meno ya tairi yanayogusa ardhi, chukua za vipande vikubwa vilivyoachana, tope linatoka lenyewe tairi likizunguka, zile za kubanana linajaa kati unabaki unaserereka tu. Ila kwenye lami zitalika haraka, hilo likubali.

Jingine wengi hawaangalii, tarehe. Tafuta namba nne za mwisho pale ubavuni palipoandikwa DOT, ukikuta 2318 ujue ni wiki ya 23 ya mwaka 2018, hilo rudisha hata likiwa linang'aa, mpira umeshakauka. Na kwa vile unabeba abiria na magunia, uliza lenye 6PR, yaani kipimo cha uimara wa tairi kubeba mzigo, na tyubu nunua mpya, tafadhali usirudishe ile yenye viraka. Mshale wa ubavuni ufuate upande tairi linaozungukia pikipiki ikienda mbele, msimamie fundi mpaka amalize.